Ukiumia peke yako porini au kisiwani: Aga kwanza, kisha beba



Leo tutaangalia jambo ambalo wengi wetu tunaoishi Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria hulifikiria baada ya msiba kutokea. Nalo ni hili: mtu akiumia akiwa peke yake, mbali na watu, afanye nini ili abaki hai mpaka msaada umfikie? Na kabla ya kutoka nyumbani, abebe nini?

Wapo watakaodhani kuwa maswali haya ni ya watalii na wapanda milima. Sivyo. Mama anayepanda kwenye miamba kutafuta kuni anaweza kuteleza akavunjika mguu. Kijana anayechunga ng'ombe huko Magu au Misungwi anaweza kuumwa na nyoka saa nane mchana, na nyumba ya karibu iko mbali. Mvuvi wa dagaa anaweza kusukumwa na dhoruba usiku akajisitiri kwenye kisiwa kisicho na mtu. Ziwa letu lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na visiwa vyake ni vingi. Vingine, kama Ukerewe, vina watu tele. Vingine havina hata nyumba moja.

Anayetafutwa na asiyejulikana alipo

Mnamo Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara kikitokea Bugolora, Ukerewe. Watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi mmoja wa mitambo akiwa hai. Alikuwa amebaki kwenye chumba ndani ya kivuko ambamo hewa haikuwa imekwisha. Aliokolewa kwa sababu watu walijua mahali pa kutafuta na waliendelea kutafuta.

Sasa tazama kisa cha pili. Mwezi Aprili 2003, Mmarekani Aron Ralston alikwenda peke yake kwenye mabonde ya mawe ya Utah bila kumwambia mtu anakokwenda. Jiwe kubwa likamwangukia na kuubana mkono wake wa kulia. Alikaa hapo kwa saa 127. Maji yalipokwisha na hakuna aliyekuja, aliukata mkono wake mwenyewe kwa kisu butu ili ajinasue. Yeye alikuwa na maji, kamba na kisu. Alichokosa ni mtu mmoja wa kusema, "Amekwenda bonde fulani, na alitakiwa kurudi jana."

Hivyo basi, kitu cha kwanza katika maandalizi ya dharura hakiingii mfukoni. Ni kuaga. Mwambie mtu unakwenda wapi, kwa njia ipi, uko na nani, utarudi saa ngapi, na ukichelewa kupita saa fulani afanye nini. Wavuvi nao waache jina la mtumbwi na upande wanaokwenda kwa mtu wa mwaloni. Namba za dharura ni 112 kwa polisi na 114 kwa Zimamoto na Uokoaji.

Dakika za mwanzo: zuia damu

Damu inayoruka au kumwagika bila kukoma inaweza kumuua mtu mzima kwa dakika chache tu. Usianze kuita wala kukimbia. Kaa chini, weka kitambaa safi juu ya jeraha, kandamiza kwa nguvu zako zote na usiachie kila mara kutazama kama damu imekoma. Damu ikipenya, ongeza kitambaa kingine juu ya kile cha kwanza. Kanga, mtandio au kilemba vinatosha.

Ikiwa jeraha liko mkononi au mguuni na damu haisikii kukandamizwa, chukua kitambaa chenye upana wa vidole vitatu. Kifunge kiasi cha vidole vinne juu ya jeraha, pasiwe juu ya kiungo kama goti au kiwiko. Ingiza kijiti kwenye fundo, kizungushe mpaka damu ikome, kisha kifunge kisirudi nyuma. Usitumie kamba nyembamba wala waya. Andika saa uliyofunga, na usilegeze mpaka ufike hospitali. Itauma sana, lakini hiyo ni dawa ya mwisho ya kuokoa roho.

Damu ikishakoma kwenye jeraha la kawaida, lioshe kwa maji mengi safi na ulifunike. Usipake udongo, kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya taa wala majivu, kwani hayo huingiza pepopunda. Hata kama jeraha ni dogo, ukirudi nenda zahanati ukaulize kuhusu chanjo ya ugonjwa huo.

Mfupa uliovunjika

Usijaribu kuunyoosha. Ufunge kama ulivyo kwa fimbo mbili zilizozungushiwa nguo laini, zikipita kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika. Mguu waweza kufungwa pamoja na mguu mzima. Kisha angalia vidole: vikipoa, vikifa ganzi au vikibadilika rangi, legeza kidogo.

Nyoka

Hapa ndipo wengi hukosea. Lile funganio la kuzuia damu tulilolieleza hapo juu halitumiki kwa sumu ya nyoka, kwani huweza kuua nyama ya mguu mzima. Usichanje kwa wembe, usinyonye sumu, na usitegemee jiwe jeusi la nyoka, halinyonyi sumu. Ondoka alipo nyoka, vua pete, bangili na kiatu kabla ya uvimbe, funga fimbo kama ya mfupa uliovunjika ili kiungo kisitikisike, na utulie. Dawa ya kweli ni ile ya kuua sumu inayotolewa hospitalini. Ikiwa swila amekutemea sumu machoni, yaoshe kwa maji mengi mara moja wala usiyasugue.

Kukaa au kuondoka?

Ikiwa uliaga, kwa kawaida ni bora kubaki ulipo, mahali pa wazi panapoonekana. Isipokuwa kwa aliyeumwa na nyoka, ambaye muda kwake ni adui: apige simu, apige kelele, na akikosa msaada kabisa atembee polepole kuelekea watu walipo.

Kandokando ya ziwa usilale ukingoni kwa sababu ya mamba, wala usijilaze kwenye njia za viboko, ambao hutoka majini usiku kwenda kula majani. Tandika nyasi kavu chini yako na uvue nguo zilizolowa kama una nyingine, kwani upepo wa usiku humpoza majeruhi upesi. Puliza filimbi mara tatu, pumzika, kisha rudia. Tatu ni ishara ya kuomba msaada inayojulikana duniani kote. Mchana tumia moshi na kioo kinachomulika jua. Usiku tumia tochi. Simu ikiwa na mtandao hafifu, tuma ujumbe mfupi, kwani huweza kupita hata pale sauti inaposhindwa.

Maji, kiu na swala

Maji ya ziwa yanaonekana safi lakini huleta kuhara na kipindupindu, na kuyakanyaga huleta kichocho. Yachuje kwa kitambaa na uyachemshe mpaka yatokote kwa dakika moja, au tia kidonge cha kutibu maji kama maelekezo yake yanavyosema. Lakini kama huna moto wala kidonge na kiu imekuzidi, kunywa, kisha umweleze daktari. Kiu itakuua kabla ya kichocho.

Wapo wanaomaliza maji ya kunywa kwa udhu. Dini yetu haikututaka hivyo. Anayechelea kiu, au ambaye maji yatamdhuru jeraha lake, ameruhusiwa kutayamamu. Aliyefungwa bandeji hupangusa juu yake, na asiyeweza kusimama huswali amekaa au amelala. Mgonjwa aliyefunga Ramadhani naye ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye.

Mfuko wa dharura

Si lazima ununue vitu vya gharama. Mfuko mdogo usiopitisha maji unatosha, ndani yake ukiwa na:

- filimbi, kioo kidogo na tochi yenye betri za akiba;
- kiberiti kilichofungwa vizuri kwenye nailoni;
- bandeji mbili pana, kitambaa safi, glovu na wembe mpya;
- kitambaa kirefu cha kukaza na kijiti imara, pamoja na kalamu;
- vidonge vya kutibu maji na chupa ya maji ya lita moja au zaidi;
- paketi za ORS, tende au karanga;
- kanga moja kavu, na karatasi yenye jina lako, dawa unazotumia na simu ya nyumbani.

Kwa mvuvi, jaketi la kuokolea haliwekwi kwenye mfuko. Huvaliwa mwilini kabla mtumbwi haujaondoka mwaloni.

Ndugu msomaji, sote tunakijua kisa cha bedui aliyeelekezwa amfunge kwanza ngamia wake ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Kuaga nyumbani na kubeba mfuko huo ndiko kumfunga ngamia wetu. Basi kabla ya safari yako ijayo ya ziwani au porini, muite mtu mmoja umwambie unakwenda wapi na utarudi lini. Haigharimu hata shilingi moja.

Wabillahi tawfiq.