Punje Iliyomo Ndani ya Manyanga: Usalama wa Vitu vya Kuchezea Vinavyotengenezwa Nyumbani

Katika kata ya Mugoma, wilayani Ngara, mtoto hahitaji duka ili apate cha kuchezea. Majani makavu ya mgomba hufungwa kwa kamba yakawa mpira, waya hukunjwa ukawa gari, gunzi la mahindi huvikwa kitambaa likawa mwanasesere, na chupa tupu ya plastiki hutiwa punje za maharage ikawa manyanga ya kumbembelezea mtoto mchanga. Vitu hivi vina thamani katika makuzi: kwavyo mtoto hujifunza kushika, kusikiliza na kushirikiana na wenzake, na mzazi hagharimiki. Hakuna sababu ya kuvikataza. Linalopaswa kuulizwa ni sehemu gani ya kitu hicho inaweza kung'oka, na itaangukia mikononi mwa mtoto wa umri gani.

Manyanga ndiyo yanayostahili tahadhari kubwa kuliko vyote, kwa kuwa hupewa mtoto mdogo kabisa na hubeba ndani yake kitu kinachoweza kuziba njia ya hewa. Mtoto wa chini ya miaka 3 hukitambua kitu kwa kukitia mdomoni. Magego yake hayajakamilika, njia yake ya hewa ni nyembamba, na anapocheka au kulia huvuta pumzi ghafla, punje ikavutwa pamoja nayo. Haragwe kavu likishaingia hufyonza majimaji na kuvimba. Lililoziba nusu jioni laweza kuziba kabisa usiku. Karanga huongeza ubaya mwingine, kwani mafuta yake huuchubua na kuuvimbisha utando wa njia ya hewa. Madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, katika ripoti yao iliyochapishwa mwaka 2011, walieleza kuwa karanga ndizo zilizoongoza miongoni mwa vitu vilivyotolewa katika njia ya hewa, na sarafu katika umio.

Viwango vya kimataifa vya usalama wa vitu vya kuchezea hutumia kichupa chenye kipenyo cha takribani milimita 32: kinachoingia humo chote hakimfai mtoto wa chini ya miaka 3. Kizibo cha bati cha soda huingia. Basi kizibo hicho chaweza kuwa kipimo cha nyumbani, na kitu kinacholingana nacho au kilicho kidogo zaidi kisikae karibu na mtoto huyo. Ugumu ni kwamba gari la waya lenye magurudumu ya vizibo ni halali ya kaka mwenye miaka 8, nao ndugu hawa wawili huketi mkeka mmoja. Inafaa vya mkubwa viwe na kikapu chake, kitundikwe juu. Mdogo apewe mpira mkubwa wa kitambaa ulioshonwa imara, au kikombe cha plastiki na mwiko. Manyanga yakitumika, yashikwe na mtu mzima, na kifuniko kikaguliwe kila siku.

Lipo jambo linalowahusu watoa huduma wenyewe. Ni desturi katika vituo vingi kupuliza glavu ili kumnyamazisha mtoto anayelia baada ya sindano. Glavu ikipasuka, kipande chake hujibandika kwenye koo na ni vigumu kukitoa kwa kikohozi. Vivyo hivyo kondomu ambazo watoto huzipuliza na kuzifanya moyo wa mpira. Ni afadhali mtoto alie.

Mengine ni mepesi kueleza. Ncha za waya zikunjwe ndani na kufungwa kitambaa; anayechomwa aoshwe jeraha kwa maji na sabuni, na kadi yake ikaguliwe kama alipata chanjo ya pentavalenti ya wiki ya 6, 10 na 14, ambayo ndani yake mna kinga ya pepopunda. Chupa ya dawa ya kuulia wadudu isigeuzwe kuwa kitu cha kuchezea hata ikioshwa mara ngapi. Vya kitambaa vifuliwe na kukaushwa juani, na mpira wa majani ulioota ukungu utupwe. Betri ndogo bapa kama kifungo ikimezwa huanza kuunguza umio ndani ya saa 2: mtoto asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja.

Mtoto aliyepaliwa lakini anakohoa kwa nguvu aachwe akohoe. Asiyeweza kukohoa, kulia wala kupumua apigwe mara 5 kati ya mabega kwa kiganja, kichwa kikiwa chini kuliko kifua. Isipotoka, aliye chini ya mwaka 1 abonyezwe katikati ya kifua mara 5 kwa vidole viwili. Aliyezidi mwaka abonyezwe tumbo, juu ya kitovu, kuelekea ndani na juu, mara 5. Zamu hizo zirudiwe. Akizimia, aanze kufufuliwa kwa kubonyezwa kifua na kupuliziwa pumzi. Kidole kisiingizwe kooni kwa kubahatisha, wala asinyweshwe maji au mafuta.

Hatari iliyojificha ni ya mtoto anayepaliwa, akatulia, na baada ya siku kadhaa akaletwa zahanati na kikohozi. Hupewa amoksilini kwa nimonia, hupata nafuu kidogo, kisha hurudi. Mtoa huduma amuulize mama: kikohozi kilianza ghafla? Alikuwa akila au akichezea nini? Asikilize pande zote mbili za kifua. Hewa iliyopungua au mluzi wa upande mmoja, mara nyingi wa kulia ambako mrija ni mpana na umenyooka zaidi, ni dalili nzito. Picha ya eksirei isiyo na kasoro haitoshi kumrudisha nyumbani, kwa kuwa haragwe halionekani kwenye eksirei. Mtoto huyo apewe rufaa, akae wima mapajani mwa mama yake njiani, na barua itaje saa aliyopaliwa na aina ya punje. Punje nyingine ya namna ileile ikitiwa katika bahasha humsaidia daktari kuchagua koleo la kuitolea.