Je, Wajua? Blenda Inalipita Basi la Lindi, na Maajabu Mengine ya Jikoni

Unakwenda Kilwa Masoko au Lindi mjini kununua blenda? Subiri kidogo. Kabla hujatoa pesa mfukoni, beba haya ya kuwatambia wenzako, na mengine yatakusaidia hapo hapo dukani.

Kisu kinacholishinda basi

Visu vya blenda ya nyumbani huweza kuzunguka mara 15,000 kwa dakika, yaani mara 250 kwa sekunde. Pangaboi linalozunguka mara 300 kwa dakika limeachwa mbali mara 50! Kisu chenye upana wa sentimita 6, kwa kasi hiyo, ncha yake hukimbia karibu kilomita 170 kwa saa, na basi la Dar kwenda Lindi linaruhusiwa kilomita 80 tu. Kwa hiyo mwiko usiingie kwenye jagi kabla visu havijatulia kabisa.

Mwanamuziki aliyeipigia debe

Mwaka 1922 Stephen Poplawski, Mmarekani mzaliwa wa Poland, alibuni mashine ya kuchanganyia vinywaji yenye visu chini ya chombo. Aliyeivumisha blenda, hata hivyo, hakuwa fundi wala mpishi: ni Fred Waring, kiongozi wa bendi. Mbunifu Frederick Osius alimwendea na mashine yake, Waring akatoa fedha, mwaka 1937 ikaingia sokoni, na baadaye ikapewa jina la mwanamuziki huyo. Kumbe juisi yako ya embe ina deni kwa dansi.

Blenda iliyofichua siri ya urithi

Mwaka 1952 wanasayansi Alfred Hershey na Martha Chase walitumia blenda ya jikoni kuwakung'uta bakteria virusi vilivyowang'ang'ania. Walipotazama kilichokwisha kuingia ndani ya bakteria, wakakuta ni DNA, wala si protini. Hapo ikathibitika kwamba maagizo ya urithi, yale yanayomfanya mtoto afanane na bibi yake, yanabebwa na DNA. Mwaka 1969 Hershey alipata Tuzo ya Nobel. Blenda haikutajwa kwenye cheti.

Ukwaju wa Dar, nguvu ya Kilwa

Chini ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa, gesi asilia iligunduliwa mwaka 1974, ikangoja miaka 30 kabla ya kuanza kufua umeme. Tangu 2004 imekuwa ikipita chini ya bahari hadi Somanga, kisha nchi kavu hadi Ubungo, safari ya zaidi ya kilomita 200. Mama wa Kariakoo akibonyeza kitufe kusaga juisi ya ukwaju, huenda blenda yake inasukumwa na pumzi ya kisiwa ambacho hajawahi kukanyaga.

Uniti 1, majagi 120

Blenda ya wati 500 ikisaga kwa dakika moja moja, uniti 1 ya LUKU inatosha majagi 120 ya juisi. Birika la umeme la wati 2,000 huimaliza uniti hiyo hiyo kwa nusu saa. Anayeificha blenda kabatini kwa kuogopa umeme kuisha anamsingizia asiyehusika: walaji wakubwa ni vyombo vya kutia joto, kama birika, pasi na jiko la umeme.

Kijerumani chini ya kitako

Igeuze blenda chini juu usome kibandiko. Kwenye nyingi utakuta "KB 1 min", herufi zilizotokana na neno la Kijerumani lenye maana ya kufanya kazi kwa muda mfupi. Wajerumani waliiachia Kilwa Kivinje boma ambalo sasa ni gofu, na blenda yako wameiachia onyo: isage dakika moja, kisha ipumzike. Ile harufu ya kuungua inayotoka pale unapong'ang'ana na barafu ni mota inayolalamika.

Ya Muscat karibu, ya Chicago ngoja kwanza

Ndugu akikuletea blenda kutoka Oman, ichomeke bila wasiwasi: huko umeme ni volti 240, huku ni 230, na hata plagi ni ile ile ya meno matatu bapa. Akikuletea ya Marekani, iliyoundwa kwa volti 120, usiichomeke hivi hivi, maana itapokea karibu mara mbili ya kipimo chake na inaweza kuungua siku ya kwanza. Zawadi ni zawadi, lakini soma kwanza kama imeandikwa 220–240V.

Mbuzi asiyekula majani

Pwani tuna mbuzi wa kukaliwa mgongoni: kibao chenye miguu na shingo ya chuma yenye meno, cha kukunia nazi. Kazi yake na ya blenda ni moja, kupasua nyama ya nazi ili mafuta yaliyofungiwa ndani yatoke. Lakini mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana bibi husisitiza maji ya vuguvugu, uwe umekuna au umesaga. Kifumbu nacho hakijastaafu, kwa sababu blenda husaga tu. Kukamua tui bado ni kazi ya mikono.

Korosho ni ndugu wa embe

Mkorosho na mwembe ni wa ukoo mmoja, ingawa mkorosho asili yake ni Brazil, na Wareno ndio walioupandisha jahazini kuuleta Afrika Mashariki. Leo Lindi na Mtwara ndizo zinazoongoza nchini kwa zao hilo. Ganda la korosho mbichi lina mafuta makali yanayobabua ngozi, basi usijaribu kulimenya kwa mkono. Ila korosho zilizobanguliwa, zikilowekwa usiku kucha na kusagwa na maji, hutoa maziwa laini hata chujio likakosa kazi.

Sufuria mgeni, mwiko mwenyeji

Sikiliza majina ya vyombo vyako. Chungu, kinu, mchi na mwiko ni Kibantu. Sufuria na sahani zimetoka Uarabuni. Meza na kopo ni Kireno. Wareno waliingia Kilwa kwa mabavu mwaka 1505 na kuondoka 1512, lakini maneno yao yamebaki pwani nzima yakishika chai. Blenda ni mgeni wa juzi tu katika jiko lililozoea kupokea wageni.

Kabati la vioo la miaka 600

Katika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, wachimbaji wamekuta vigae vya kaure kutoka China vikiwa pamoja na vigae vya vyungu vilivyofinyangwa hapa hapa, na hivi vya hapa ndivyo vingi zaidi. Chungu kilipika, kaure ilipamba. Nyumba za Songo Mnara zina vidaka ukutani, na katika misikiti na makaburi ya kale ya pwani mabakuli ya kigeni yalipachikwa kwenye kuta na kuba, mahali ambapo hakuna mtu angeyafikia kwa kijiko. Kwa hiyo ukimkuta mama amepanga vyombo vya wageni kwenye kabati la vioo, na blenda mpya ikiwa juu yake bado ndani ya nailoni, usimcheke. Anaendeleza kazi ya Wakilwa wa karne ya 14.