Mbabula Ipi Tununue?

Mtu anayetaka kununua baiskeli huizunguka mara tatu. Huinua gurudumu na kulizungusha, hubana breki, hugonga vyuma kwa vidole, tena humwita rafiki aje kuitazama kabla hajafungua mfuko wake. Lakini mtu yule yule akitumwa na mkewe kununua mbabula katika soko la komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, huuliza bei tu, huchukua iliyo rahisi kuliko zote, na kurudi nyumbani akijisifu. Hajui kwamba baiskeli iliyoegemezwa ukutani haili kitu, bali mbabula hula kila siku, asubuhi na jioni, na chakula chake ni fedha za nyumba.

Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tuwaeleze wasomaji wetu namna ya kupima majiko kabla ya kununua. Akina mama wengi wanajua mambo haya kuliko sisi. Tunaandika hasa kwa ajili ya akina baba, maana mara nyingi ndio washikao fedha.

Tuanze na mbabula ya bati tupu, ambayo kila mtu anaijua. Mafundi wetu huitengeneza kwa mapipa ya zamani na mabati yaliyotupwa, na kazi yao ni ya kusifiwa, maana hawapotezi kitu. Kosa si la fundi, ni la bati lenyewe. Bati hupitisha joto upesi: ukisogeza mguu karibu na mbabula utalisikia joto likitoka ubavuni. Joto hilo umelinunua, lakini haliivishi maharage. Waliopima majiko ya namna hii wameona kwamba katika sehemu tano za moto, mara nyingi sehemu moja tu, au pungufu, ndiyo iingiayo sufuriani.

Pili ni jiko lenye tumbo la udongo. Jiko hili lilienea kutoka nchi ya Kenya tangu miaka ya 1980. Mafundi wa huko walifuata mfano wa majiko ya ndoo ya Thailand, wakalipa umbo la ngoma iliyobanwa kiunoni: nje bati, ndani udongo uliochomwa. Udongo huzuia joto lisikimbie, nalo hubaki chini ya sufuria. Likitengenezwa vizuri na kutumiwa vizuri, huweza kupunguza makala kwa theluthi moja au zaidi.

Tumesema likitengenezwa vizuri, maana si kila jiko lenye udongo ni jiko bora. Sisi wenyewe tuliwahi kununua moja lililopakwa rangi nzuri, tena lenye maua. Matundu ya sahani yake yalikuwa makubwa mno, na makala madogo yakadondoka majivuni kabla ya kuwaka sawasawa. Kabla ya mwezi kwisha udongo ukapasuka na kuachana na bati. Watoto waliyapenda maua. Mama wa nyumba hakusema neno, lakini alituangalia.

Basi, ukifika sokoni, ligonge tumbo la udongo kwa kidole: lililo zima hulia kwa sauti kavu, na lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Tazama kama udongo umeshikana na bati pande zote. Fungua na kufunga kijilango cha majivu, kwa kuwa hapo ndipo hewa inapoingia. Kijilango kisichofunga vizuri hakikuwezeshi kupunguza moto, nawe utachoma makala bure wakati sombe inahitaji moto wa polepole tu. Kisha weka sufuria juu yake na kuisukuma kwa nguvu. Bukari haikorogwi kama uji! Mama anayesonga bukari ya watu wanane huegemea mwiko kwa mikono miwili, na jiko linaloyumba huweza kumwagia mtoto maji ya moto. Mbabula isiyosimama imara usiinunue, hata wakikupunguzia bei.

Sasa tuje kwenye jiko la umeme, yaani resho. Jimbo letu halikosi mitambo ya umeme. Ule wa Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ulianza kazi mwaka 1930, na mwaka 1982 ilimalizika njia ya nyaya iletayo umeme wa Inga hadi Kolwezi, safari ya kilometa 1,700 hivi. Hata hivyo migodi ina njaa kubwa ya umeme, na katika mitaa mingi ya mji wetu umeme huja na kuondoka.

Tena kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikiri. Resho iliyoandikwa wati 1,000 hutoa wati hizo ikiwa umeme unafika kwa nguvu yake kamili, yaani volti 220. Nyumba nyingi zikivuta waya mmoja, volti hushuka. Zikifika 160, moto haupungui kwa robo tu, kama mtu angedhani, bali hubaki karibu nusu. Ndiyo maana maji hukataa kuchemka saa za jioni, wakati kila jirani anapopika. Basi usiilaumu resho kabla ya kuupima umeme wako.

Madukani kuna pia jiko la umeme la kioo, ambalo halichomi kwa waya bali huipasha moto sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku. Hupoteza joto kidogo sana. Lakini chukua sumaku ndogo uiguse kwenye kitako cha sufuria zako: isiposhika, jiko hilo halitazipasha moto. Sufuria zetu za aluminiamu, hata zile nzito, hazishiki sumaku. Mwenye kununua jiko hilo atalazimika kununua na sufuria mpya, na bei hiyo haikuandikwa dukani.

Kwa maoni yetu, nyumba yenye umeme wa kubahatisha yafaa iwe na resho ya bei nafuu pamoja na mbabula moja nzuri ya udongo. Tufanye hesabu kwa mfano. Nyumba hutumia makala ya faranga 3,000 kila siku. Jiko bora likipunguza theluthi, faranga 1,000 zabaki mfukoni. Kama jiko hilo lilizidi lile la bati kwa faranga 40,000, basi baada ya siku 40 limejilipa, na kila siku inayofuata ni faida. Misitu ya miombo nayo hupumzika kidogo, maana katika tanuri la udongo, kilo 100 za kuni hutoa makala ya kilo 10 hadi 20 tu.

Limebaki neno moja, nalo ni zito kuliko bei. Mji wetu uko juu, karibu meta 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi yake ni kali. Hapo watu huingiza mbabula chumbani na kufunga mlango na madirisha. Makala yaliyowaka vizuri hayana moshi, kwa hiyo huwadanganya. Hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, hulegea, hushikwa na usingizi, na wengine hawaamki tena. Jiko la udongo nalo halina ruhusa ya kulala na watu. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango yote, mtoe nje penye hewa safi, na mpeleke hospitali mara moja, hata akisema amepata nafuu.

Chakula kikiisha kuiva, yatieni makala yaliyobaki katika chungu kikuukuu, mkifunike vizuri na kukiacha nje ya nyumba. Yatazimika kwa kukosa hewa, na asubuhi yatafaa tena kwa chai.