Je, Wajua? Maghala ya Nafaka Yaliyovuta Wasafiri

Je, wajua kwamba kijiji cha Brim, jimbo la Victoria nchini Australia, kilipata wageni kwa sababu ya maghala ya nafaka? Yalijengwa mwaka 1939, na mwanzoni mwa 2016 mchoraji Guido van Helten alimaliza kuchora juu yake wakulima wanne warefu kama ghala lenyewe. Vijiji vya Sheep Hills, Rupanyup, Rosebery, Lascelles na Patchewollock vikafuata, ikazaliwa njia ya takriban kilomita 200 inayopendwa na watu wanaosafiri na trela za kulala.

Wapo wanaosema wasafiri hawa hawana faida: hubeba chakula chao, hulala humo humo, kisha huondoka. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau mahitaji ya trela yenyewe. Gari linalokokota mzigo hunywa mafuta zaidi na kwenda taratibu, maji ya tangini huisha, na tangi la maji machafu hujaa. Ndiyo maana miji midogo mingi ya Australia imetenga viwanja vya bei nafuu, bomba la maji na mahali pa kumwaga uchafu, na nadhani imefanya jambo la busara. Tena, mtu akilala hapo kuna faida yake: karibu na mji wa Sea Lake lipo Lake Tyrrell, ziwa la chumvi kubwa kuliko yote Victoria. Maji yake ya kina kifupi huakisi anga vizuri hasa alfajiri na machweo, upepo ukitulia. Mpita njia wa mchana hukosa mandhari hayo. Aliyelala pale huyaona, na dukani hununua mkate wa asubuhi.