Ugonjwa wa kiwele usioonekana wawapunguzia wafugaji wa Garissa maziwa

MAZIWA ya ngamia yanayofikishwa mjini Garissa asubuhi huwasili katika mitungi ya plastiki, baadhi yakiwa yamesafiri juu ya magari ya abiria kutoka malishoni mbali na mto Tana. Mama anayeyapokea hufungua kifuniko, hunusa, pengine huonja kidogo, kisha huyachanganya na ya wafugaji wengine. Akiona ni meupe na hayajachacha, hana sababu ya kuyakataa. Tatizo ni kwamba maziwa yaliyotoka katika kiwele kilichoshikwa na ugonjwa yanaweza kuwa meupe vivyo hivyo, na mnyama aliyeyatoa akaonekana mzima kabisa.

Ugonjwa wenyewe ni uvimbe wa kiwele unaosababishwa, mara nyingi, na bakteria wanaoingia kupitia tundu la chuchu. Unapokuja kwa nguvu hauhitaji mtaalamu kuutambua. Kiwele huwa cha moto na kigumu, ngamia hupiga teke anapoguswa, na badala ya maziwa hutoka maji yenye mabonge, damu au usaha. Mfugaji hushtuka na kutafuta dawa. Lakini kwa kila mnyama wa aina hiyo, kwa kawaida wako wengine kadhaa kundini walio na ugonjwa uliojificha: hakuna uvimbe, hakuna homa, ila robo moja ya kiwele inatoa maziwa machache kuliko inavyopaswa, mwezi baada ya mwezi. Hasara kubwa hutokana na hawa, wala si yule anayelia kwa maumivu.

Sehemu kubwa ya elimu kuhusu ugonjwa huu ilitokana na ng'ombe wa Ulaya na Marekani. Nchini Ufaransa, mwaka 1887, Edmond Nocard na mwenzake Mollereau walieleza bakteria ambaye leo huitwa Streptococcus agalactiae, jina lenye maana ya ukosefu wa maziwa. Miaka 70 baadaye, mnamo 1957, Schalm na Noorlander walitangaza kipimo rahisi kinachojulikana hadi sasa kwa jina la jimbo la California. Kaskazini mwa Kenya, ambako maziwa ya ngamia ndiyo tegemeo la familia nyingi kuliko ya ng'ombe, elimu hiyo ilichelewa kufika. Hii ni ajabu, kwani katika hesabu ya watu ya mwaka 2009, ngamia wa Kenya walikaribia milioni 3, na zaidi ya nusu yao walikuwa Kaskazini Mashariki.

Kulikuwa na shaka ya haki kuhusu kipimo chenyewe. Kipimo cha California hutegemea chembe nyeupe za damu ambazo mwili hupeleka kwenye kiwele kupambana na viini. Maziwa kidogo kutoka kila chuchu hukamuliwa ndani ya kisahani chenye vikombe vinne, kisha hutiwa dawa ya aina ya sabuni kwa kiasi kilekile. Kisahani kikizungushwa taratibu, sabuni huzipasua chembe hizo na vilivyomo ndani yake hugeuka ute. Maziwa yasiyo na kasoro hubaki mepesi kama maji. Ya kiwele kigonjwa huwa mazito kama uji, na yakizidi hushikana kama ute wa yai. Lakini maziwa ya ngamia si sawa na ya ng'ombe, na haikujulikana iwapo ute huo ungekuwa na maana ileile.

Jibu lilipatikana hapahapa nchini. Mwaka 2001 Mario Younan na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu ngamia wa Kenya, wakalinganisha kisahani hicho na uchunguzi wa maabara. Walithibitisha kwamba kipimo kinafaa kugundua viini viwili vikuu, yaani yule Streptococcus agalactiae na mwingine aitwaye Staphylococcus aureus. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2020, uliofanywa katika makundi ya wafugaji wa jirani zetu wa Isiolo, ulionyesha kwamba ugonjwa uliojificha umeenea, kwamba Streptococcus agalactiae ndiye aliyeongoza, na kwamba ngamia wenye vidonda kwenye ngozi ya kiwele na chuchu walikuwa katika hatari zaidi.

Hilo la vidonda linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu linagusa desturi. Ili ndama asimalize maziwa akiwa malishoni, chuchu hufungwa kwa kamba laini iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Kamba ikikazwa mno au ikikaa muda mrefu, hukata ngozi na kuzuia damu. Kupe nao hupenda kujibanza palepale penye ngozi nyororo, na jeraha wanaloacha ni mlango wa viini. Kisha kuna chuma cha moto. Wafugaji wengi, kiwele kikivimba, hukichoma kwa chuma kwa imani kwamba moto hutoa ugonjwa. Mtu hawezi kuwabeza kwa hilo, maana tiba hiyo imerithiwa kutoka enzi ambazo hapakuwa na daktari wa mifugo hata mmoja katika eneo zima. Hata hivyo, bakteria wamo ndani ya kiwele, moto uko juu ya ngozi. Kinachobaki ni kovu, na wakati mwingine chuchu isiyotoa maziwa tena.

Namna ngamia anavyokamuliwa nayo inachangia. Ngamia hateremshi maziwa hadi ndama aanze kunyonya, na yakishateremka, nafasi iliyopo haifiki dakika mbili. Ndiyo sababu watu wawili husimama kila mmoja upande wake, mguu mmoja ukiwa umekunjwa kuegemeza chombo, wakakamua kwa kasi. Wakimaliza wanamrukia ngamia wa pili kwa mikono ileile iliyolowa maziwa ya wa kwanza. Streptococcus agalactiae huishi hasa ndani ya kiwele na hana safari nyingine rahisi ya kumfikia mnyama wa pili isipokuwa mikono hiyo, au mdomo wa ndama anayenyonya kwa mama na kisha kwa jirani.

Vitabu vya ufugaji husema: osha mikono na kiwele kabla ya kukamua kila mnyama. Ushauri huo una haki yake kule ambako bomba liko zizini. Kwa mfugaji aliye umbali wa siku nzima kutoka kisimani, maji ya kunywa watoto ndiyo hayohayo ya kunawa. Kati ya mwisho wa 2020 na mapema 2023 misimu 5 ya mvua ilikosekana kwa mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa nchini. Kumwambia mtu aliyepitia hayo kwamba atumie ndoo ya maji kwa kila ngamia ni kumtania.

Lipo lakini jambo moja lisilohitaji hata tone la maji, nalo ni mpangilio. Ngamia waliopimwa na kuonekana wazima wakamuliwe kwanza, wakianza wale waliozaa kwa mara ya kwanza. Wenye dalili za ugonjwa wakamuliwe mwisho, na maziwa yao yatiwe katika chombo chao. Maji kidogo yaliyopo yatumiwe kunawa mara moja tu, kabla ya kuanza. Utaratibu huu, pamoja na penisilini, ndio uliosaidia kumwondoa bakteria huyo katika makundi mengi ya ng'ombe wa Ulaya.

Kuhusu dawa, mambo ni magumu zaidi. Madukani, dawa inayopatikana kwa urahisi ni sindano ya tetrasaiklini, na mfugaji huinunua bila kupima wala kuuliza. Uchunguzi wa bakteria waliotolewa kwa ngamia wa Kenya umebaini kwamba sehemu kubwa ya Streptococcus agalactiae haisikii tena tetrasaiklini, ilhali penisilini bado inamweza. Staphylococcus aureus ni kinyume, kwani mara nyingi huishinda penisilini. Anayedunga bila kujua ni kiini kipi anaweza kutumia fedha na asitibu chochote. Zile dawa za mirija zinazopenyezwa ndani ya chuchu zilitengenezewa ng'ombe, ambaye chuchu yake ina tundu moja. Chuchu ya ngamia huwa na matundu mawili membamba, kila moja likielekea chumba chake. Mrija hauingii kwa urahisi, na ukiingia, umetibu nusu tu.

Baada ya sindano, maziwa hayapaswi kuuzwa wala kunywewa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Hapa ndipo masilahi yanapogongana. Kwa desturi ya jamii ya Wasomali, kukamua ngamia ni kazi ya wanaume na vijana wa kiume, ilhali biashara ya maziwa mjini iko mikononi mwa wanawake. Mama muuzaji hayupo kundini ngamia anapodungwa na hana njia ya kujua. Yeye hugundua siku inayofuata, anapoandaa susa na maziwa yakakataa kuganda kwa sababu dawa imewaua bakteria wema wanaoyachachua. Hasara ya mtungi huo ni yake, si ya aliyeshika sindano.

Mnywaji naye hayuko salama. Wengi katika eneo hili hupendelea maziwa mabichi wakiamini kuwa moto huyaondolea nguvu. Kuyachemsha huua bakteria, akiwemo yule wa homa ya brusela, na wataalamu wa afya wameshauri hivyo kwa miaka mingi. Lakini sumu ambayo Staphylococcus aureus huiacha ndani ya maziwa yaliyokaa kwenye joto haiondolewi na moto wa jikoni. Maziwa hayo yanapaswa kuzuiwa kabla hayajaingia mtungini.

Njia ya kuyazuia si lazima iwe ghali. Nchini Pakistan, katika miaka ya 1990, wataalamu wa Faisalabad walijaribu kuiacha dawa ya California na kutumia sabuni ya unga ya kufulia, gramu 15 katika nusu lita ya maji, kwa maziwa ya ng'ombe na nyati. Ute ulitokea vilevile. Maziwa yaliyopimwa humwagwa, hayarudishwi chomboni, na vikombe vyovyote vinne vidogo vyaweza kutumika mradi kila chuchu iwe na chake. Kipimo kinapaswa kufanywa kundini, chuchu kwa chuchu, kabla ya kukamua. Kikifanywa sokoni, maziwa ya ngamia 20 yakiwa yamekwisha kuchanganywa, hakimwambii yeyote ni ngamia yupi wa kukamuliwa mwisho kesho. Sabuni hiyo iko katika kila duka la Garissa, na mama muuzaji anaweza kuituma malishoni pamoja na mitungi mitupu inaporejeshwa jioni.