Kete, Sarafu au Chipsi? Istilahi Moja ya Meza ya Kamari

Fundi wa Tabaka, Kisii, amalizapo kuchonga seti ya sataranji kwa jiwe laini la huko, huwa amefanyiza kete 32. Je, neno hilo lafaa pia kwa kile kipande cha duara ambacho mcheza kamari hukinunua kwa fedha, akakiweka mezani badala ya fedha, na kukirudisha alipwe mchezo uishapo?

Swali hili si la mzaha. Sheria ya 1966 iliyosimamia kamari nchini Kenya iliandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hapana budi basi mdai na hakimu wawe na neno moja lenye maana moja.

Chipsi, kwa msemaji wa Kenya, ni viazi vya kukaanga. Sarafu nayo yapotosha: sarafu hutolewa na dola na kupokewa na kila mwenye duka, ilhali kipande hiki ni ahadi ya malipo ya nyumba iliyokitoa tu.

Tunaonelea kwamba kete yafaa zaidi. Miongoni mwa maana zake za kale ni kauri, gamba lililotumika kama fedha katika nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwamo. Jina hilo huitwa pia komwe zichezewazo bao, na vipande vya dama. Neno limefuata kazi ya kitu, wala si umbo lake.

Hatulikatai neno chipsi kwa ugeni wake. Karata, dadu, shupaza, kopa, uru na pau zote zatokana na Kireno; zilikuja pamoja na vitu vyake, zikakuta nafasi wazi. Chipsi yakuta nafasi imejaa. Kweli, mitaani kete ni pia kifurushi cha dawa za kulevya. Lakini tukisema kete ya kamari, utata huondoka.

Limebaki jambo la ngeli. Ekegusii, lugha ya Kisii na Nyamira, huonyesha idadi katika nomino yenyewe, hata ya mkopo: egari, chigari. Kiswahili huiachia upatanisho: kete yangu, kete zangu. Mwalimu wa huko na akaze hapo, kwani mbele ya hakimu silabi hiyo moja yaweza kuwa tofauti ya kudai kete moja na kudai mia.