Mche Ukikosa Maji Hukosa na Chakula

Mvua za Dodoma hukatika kati ya Aprili na Mei. Kuanzia hapo mche uliopandwa msimu huo hukabiliwa na miezi zaidi ya sita ya jua na upepo, nayo mizizi yake bado haijaenda mbali na pale ulipotolewa kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea.

Tatizo huanzia kwenye jani. Lina matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, stomata, mengi yakiwa upande wa chini. Hewa ya ukaa huingilia humo, kisha jani hutumia mwanga wa jua kuunganisha hewa hiyo na maji likapata sukari. Kazi hiyo ndiyo usanisinuru. Ila matundu hayohayo hupitisha mvuke nje, na gharama yake ni kubwa: kwa kila molekuli moja ya hewa ya ukaa inayoingia, mamia ya molekuli za maji hutoka.

Udongo ukikauka, mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi absisiki, na stomata hufunga. Maji husalimika, chakula kikapungua. Jani lililokuwa likipozwa na mvuke hupata joto, na mwanga usiotumika huanza kuliharibu. Kiangazi kikizidi, mapovu ya hewa huziba mirija inayopandisha maji. Matawi hukauka kuanzia nchani.

Mti mkubwa huvumilia kwa akiba ya sukari na mizizi mirefu. Mche hauna hata kimoja.

Ndiyo maana wakulima wa mpango wa Kisiki Hai mkoani Dodoma hurudia visiki vilivyosalia mashambani. Huchagua machipukizi machache yenye afya, hupogoa mengine, hufunga kitambaa kama alama na kuyakinga na mifugo. Chipukizi ni changa, lakini linanyonya maji kwa mizizi ya miaka mingi.

Pasipo na kisiki, mche upandwe mvua zinapoanza kushika, kiriba kiondolewe chote, na shina lizungushiwe matandazo ya nyasi kavu. Maji mengi ya jioni, mara chache kwa wiki, huzama na kuivuta mizizi chini. Kikombe cha kila siku huibakiza juu.

Mche unaonyauka mchana ukainuka alfajiri bado unajimudu. Ukikutwa umenyauka hata kabla jua halijachomoza, unahitaji maji siku hiyohiyo.